Mkia wa Msafara

Bondeni, Mombasa
Jumamosi, 24 Mei 2025

Kwa shemeji yangu Zakiya,

Assalaam aleikum. Naandika kwa mkono kwa sababu nduguyo Khubaib ameniambia simu umeizima mpaka eda imalizike, na mimi kuja kukaa nikazungumza nawe hakufai kabla ya siku hizo kutimia. Barua ya mwisho niliyowahi kuandika ilikuwa ya kuomba udhuru shuleni, darasa la nane. Kwa hivyo nivumilie.

Khubaib amenifikishia swali lako: mumeo na sahibu yangu Mzamil alikufaje, na nani alikuwa naye. Una haki ya kuuliza, kwani ni mimi niliyekuja mlangoni kwako ile Ijumaa kumwombea ruhusa, kama mtu aliyekuja kuposa. Mvua ilikuwa wiki ya tatu. Kazi yake ya kutembeza wageni pale Ngome ya Yesu ilikuwa imelala, duka langu la vipuri halikuwa na mtu, na Mumo wa bandarini alikuwa na likizo. Tukasema tushuke na pikipiki hadi Mtwara, ambako masika huisha mapema, tukaote jua siku kumi kisha turudi. Wewe ulisema Mzamil hajawahi kuvuka hata Vanga pale mpakani. Mimi nikakwambia, "Nitakuwa mkia. Nitakuwa nyuma yake mwanzo hadi mwisho."

Mkia unaujua, maana yeye mwenyewe alikueleza. Mbele huenda anayeijua njia, naye ni Mumo. Katikati huenda asiye mzoefu. Nyuma hukaa mkia, na mkia hampiti mtu. Mwenzake akianguka au akipasukiwa na tairi, yeye ndiye anayeona na kusimama.

Tulivuka feri Jumamosi alfajiri. Mvua ilitukamata Tanga na ikatufuata hadi Dar es Salaam. Tulipovuka mto Rufiji ndipo jua likatoka, Mzamil akavua koti la mvua, akaanza kuimba kwa ile sauti yake mbaya. Tulilala Kilwa. Jumanne asubuhi tulikuwa tunaelekea Lindi. Kwenye kona moja kulikuwa na mchanga, gurudumu lake la nyuma likateleza, akatoka barabarani na kugonga kisiki cha mkorosho.

Nilimfikia papo hapo, nikampakata. Hakuteseka, shemeji. Alitoa shahada nikaisikia kwa masikio yangu haya, kisha akaenda. Tulimzika siku hiyo hiyo baada ya Alasiri, na wanakijiji wakajaa kama wanaomjua. Kaburi liko nyuma ya msikiti wao mdogo.

Nakuomba radhi kwa kumchukua. Kapu hili la samaki ni lenu.

Mimi shemejiyo,
Jamaldin


Kibokoni
Ijumaa, 30 Mei 2025

Kwa Jamaldin,

Wa aleikum salaam. Barua yako niliisoma mara tatu peke yangu, kisha nikamsomea mama mkwe wangu. Bi Maisara unamjua. Tangu habari ije alikuwa hali, hasemi, amekaa tu juu ya mswala. Nilipofika pale pa shahada akasema, "Hebu rejea hapo." Nikarejea. "Rejea tena, mwanangu." Siku ile alikula bakuli zima la uji, na usiku akalala.

Sasa kila siku baada ya Alasiri ananiagiza niitoe barua. Wanawake wanaokuja kutupa pole anawaambia hata kabla hawajavua viatu: "Mwanangu alikufa mapajani mwa mwenziwe, na shahada ulimini mwake." Husema hivyo akininyooshea mimi kidole, kama ndimi shahidi.

Nami nitakwambia langu. Nilikuchukia. Nilijiahidi kwamba siku nitakayotoka eda, kabla ya jambo lolote, nitakuja Bondeni nikupige kwa kiatu mbele ya wateja wako. Nilikuwa nimeshachagua hata kiatu chenyewe. Barua yako imenipoza. Wakati wote nilikuwa nikimwona kalala porini peke yake, na hilo ndilo lililokuwa likiniamsha. Sasa najua hakuwa peke yake. Alhamdulillahi ulikuwa mkia.

Mama anauliza, alielekezwa kibla? Na je, alitaja jina la mtu? Hili la pili naliuliza na mimi, ingawa naona haya.

Samaki tumepata. Usijisumbue tena.

Zakiya


Bondeni
Jumatano, 4 Juni 2025

Shemeji Zakiya,

Salaam nyingi kwako na kwa mama. Mwambie ndiyo, alielekea kibla. Nilimgeuza mwenyewe, na uso wake ulikuwa umekunjuka.

Kutaja jina hakuwahi. Lakini asubuhi ile tukinywa chai Kilwa alikutaja. Alijitazama kwenye kioo cha pikipiki, akaona alivyopigwa na jua siku moja tu, akasema, "Zakiya akiniona ataniita dagaa." Tulicheka sote. Hilo ndilo neno la mwisho ninalolikumbuka juu yako, na ni dogo, nisamehe.

Idd ni keshokutwa. Nimempa Khubaib samaki changu wawili na tende. Sijaja kumwamkia mama kwa sababu ya shughuli za duka.

Jamaldin


Kibokoni
Jumatano, 25 Juni 2025

Kwa Jamaldin,

Jumapili tulisoma hitima ya arobaini. Watu walijaa ukumbi, baraza na ngazi. Wewe hukuonekana. Uliagiza kwamba una homa. Khubaib anasema alipopita dukani kwako asubuhi alikukuta unakula mahamri, na hukuwa na homa wala mafua. Sikuandikii kwa ajili ya hilo. Kila mtu ana namna yake ya kulia.

Naandika kwa ajili ya Mumo. Alikuja, na ingawa dini yetu si yake, alikaa barazani na wanaume mpaka dua ikaisha. Mama akamwita mlangoni ampe mkono. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia. Lile jitu lote la bandarini likalia kama mtoto, likasema, "Nisamehe mama, tungejua tungerudi mapema."

Mama hakulishika neno hilo, alikuwa analia naye. Mimi nililishika, na tangu Jumapili sijaliachia.

Mulirudi kutoka wapi, Jamaldin? Wewe ulikuwa nyuma yake. Aliye nyuma harudi, anafika tu.

Pengine Mumo alichanganya maneno kwa huzuni. Niandikie hivyo nami nitaridhika. Mama sijamwambia kitu.

Zakiya


Kibokoni
Jumatano, 16 Julai 2025

Kwa Jamaldin,

Wiki tatu sasa. Barua haiji, lakini kila Ijumaa kapu linakuja, na kila wiki samaki wanazidi ukubwa. Wiki hii ni nguru mzima. Khubaib amembeba begani kutoka Bondeni, watu wakimwuliza kama kuna harusi.

Nimempeleka kwa jirani. Mimi niliuliza swali.

Zakiya


Bondeni
Jumapili, 20 Julai 2025

Zakiya,

Sikuiti shemeji kwa sababu sioni tena kama nina haki ya neno hilo. Barua hii usimsomee mama. Isome peke yako mahali pa kukaa.

Sikumpakata Mzamil. Sikusikia shahada. Nilipomfikia alikuwa ameshakufa, na aliyempakata ni mama mmoja wa kule aliyekuwa akipalilia mikorosho yake.

Ilikuwa hivi. Baada ya Kilwa tulisimama kwenye duka la njiani. Mumo alitangulia. Mimi nilimwambia Mzamil, "Naingia kununua maji. Wewe nenda zako, niko nyuma yako." Nilipotoka nilimwona bado ameinama ubavuni mwa duka, anafunga koti lake la mvua juu ya mzigo, mgongo kanipa. Hakuniona. Pikipiki yangu ilikuwa upande wa pili. Nilipaswa kumngoja, hata kama angefunga koti hilo mpaka Adhuhuri.

Zakiya, siku nne nilikuwa nimekwenda mwendo wa Mzamil. Unajua alivyokuwa akiendesha, kama amebeba mayai. Siku nne nilikula moshi wake. Na asubuhi ile jua lilikuwa limetoka, lami mpya, barabara imenyooka mpaka macho yanapoishia, hakuna gari. Nilitaka dakika tano tu za kwenda. Nilijiambia nitajificha mbele kando ya njia nimngoje, atanipita nirudi nyuma yake, wala hatajua. Nikawasha nikaondoka.

Sikusimama. Nilikwenda mpaka nikamkuta Mumo kwenye kibanda cha madafu. Aliniuliza, "Mzamil yuko wapi?" Nikamwambia anakuja. Tulikunywa madafu mawili mawili. Mumo akasema, "Turudi tukamtazame." Mimi nikamjibu, "Mwache, yule atafika na magharibi," nikacheka. Aliponiambia mara ya tatu ndipo tukarudi. Nilitazama saa. Tulikaa pale dakika hamsini.

Sasa sikia lililobaki, kwa maana ndilo linalonila. Yule mama alituambia Mzamil hakufa alipoanguka. Alikuwa na akili yake, anazungumza. Mama akataka kukimbia kijijini kuita watu, Mzamil akamshika kanga. Likapita gari la mkaa, mama akainuka alisimamishe, akamshika tena. Mama yule aliyarudia maneno yake kama alivyoyasikia, kwa Kimvita chetu, hata yeye akayashangaa: "Usiniwate peke yangu. Mwenzangu yu nyuma, yuwaja."

Mama akamwamini, akakaa. Gari likapita. Walikaa wawili hao wakiitazama barabara upande niliokuwa nimeshautoka. Mganga wa zahanati ya pale alisema damu ilimwagikia ndani, na angepelekwa Lindi mapema pengine angepona. Alisema pengine. Neno hilo nimeligeuza kila upande.

Mama alisema pia kwamba mwishoni alinong'ona kitu, midomo ikicheza, lakini hakuelewa. Huenda ilikuwa shahada. Huenda hakuacha kuniita. Sijui, na sitajua.

Mumo nilimsihi anyamaze. Hakusema uongo hata mmoja, ni mimi niliyesema wote.

Niliandika uongo ule kwa sababu Khubaib alisema mama hali chakula. Nilisema pia ni kwa ajili yako. Lakini nikisema kweli, nilikuwa najifunika mimi. Kisha ulipoandika "Alhamdulillahi ulikuwa mkia", nilifunga duka mchana kweupe.

Mimi ndiye niliyemuua mumeo. Fanya utakalo. Ukitaka nitakuja nimwambie mama kwa mdomo wangu, leo hii.

Jamaldin


Kibokoni
Ijumaa, 29 Agosti 2025

Kwa Jamaldin,

Nimekaa na barua yako siku arobaini. Nimeificha ndani ya foronya ya mto wangu, na kila nikigeuza kichwa naisikia.

Siku za kwanza nilikuwa nikikuombea mabaya. Nayasema wazi ili usidhani nimekaa hapa na subira ya vitabuni. Nilikuwa nikisali, na katika sijda nakutaja kwa jina. Kisha nikachoka, nikaacha.

Nakujibu moja moja. Hukumuua. Mchanga ndio uliomwangusha. Ila alikungoja, na hukuwa pale, na hilo silijui jina lake. Ningelijua ningekuita kwalo.

Radhi sikupi. Sisemi hutaipata kamwe. Nasema leo sina. Nimetafuta moyoni nikakuta hakuna.

La tatu ni mama. Unaomba uje umwambie kwa mdomo wako. Nimelifikiri hilo kuliko yote. Ungekuja, ungelia, ungemwambia, ungetoka mwepesi. Yeye angebaki humu na yule mtu anayeitazama barabara. Ana miaka sabini na sita. Siku hizi anakula, anashuka ngazi kwenda kwa majirani, juzi alicheka. Amesimama juu ya maneno yako, Jamaldin. Wewe ndiye uliyeyaweka pale, na sasa wataka kuyavuta ili upumue.

Hutayavuta. Na mimi sitayasoma tena. Kila Alasiri nimekuwa nikimsomea ile barua ya kwanza, huku naijua hii ya pili. Umenifanya mwongo ndani ya eda ya mume wangu. Nimemwambia mama kwamba karatasi imechakaa na macho yangu yanauma, na kwamba Jamaldin mwenyewe atakuja kumsimulia.

Kwa hivyo utakuja, kila Jumapili baada ya Alasiri. Utakaa kwenye kiti cha Mzamil, utakunywa kahawa utakayopewa, na akikuuliza utamsimulia kama ulivyoandika mwanzo, bila kuongeza. Kibla na uso uliokunjuka vilitosha. Mimi nitakuwa nyuma ya pazia nasikiliza. Dhambi ya uongo huo waulize masheikhe, mimi si mtu wa kukufutia.

Nina swali moja tu. Lile la dagaa, nalo ulilitunga?

Zakiya


Bondeni
Jumatatu, 22 Septemba 2025

Zakiya,

La dagaa ni kweli. Wallahi ni kweli, na Mumo alikuwepo. Ningekujibu siku ile ile, lakini nilitaka kwanza nifanye ulivyosema.

Najua eda ilikwisha Alhamisi na simu umeiwasha, lakini haya siwezi kuyasema kwa mdomo. Jumapili nne nimekuja. Ya kwanza nilipofika pa shahada nilirudi nikaanza upya, mama akadhani ni majonzi, akanishika mkono mpaka nikamaliza. Ya pili nilisimulia vizuri, na kule kusimulia vizuri kulinitisha zaidi. Ya tatu aliniletea kofia ya Mzamil, ile aliyoishona yeye mwenyewe, akanivisha. Nilikusikia nyuma ya pazia ukiweka kikombe chini. Nimeirudisha, iko juu ya kabati la viatu.

Jana ulikuwepo, ulisikia. Lakini nataka kuliandika ili ulione kama nilivyoliona. Mama aliniuliza, "Na weye siku zote ulikuwa nyuma yake?" Nikasema, "Ndiyo mama, nyuma yake." Akasema, "Basi radhi zangu zote kwako, dunia na akhera." Nikaitikia amin. Zakiya, hizo ndizo nilizozitaka tangu Mei. Nimepewa na mtu asiyejua anamsamehe nini, na nimeshindwa hata kuziweka mahali.

Kisha akaleta lile la Khubaib. Kwamba kaburi halina kibao, na Khubaib ameshakichongesha Kibokoni, jina na tarehe, na mwezi wa kumi, kabla mvua za vuli hazijaanza, anataka kwenda nacho Lindi kwa pikipiki. Kwamba mama alikuwa amekataa katakata. Na kwamba sasa anakubali kwa sharti moja: "Aende na Jamaldin. Jamaldin awe nyuma."

Nilisema nitaangalia shughuli za duka, kama kawaida yangu.

Khubaib ni nduguyo wa pekee. Nikikataa, mama atauliza kwa nini, na sina sababu isipokuwa ile. Nikikubali, nitakuwa nimeahidi mlangoni kwako mara ya pili neno lile lile. Tangu turudi kutoka Lindi sijapanda pikipiki. Nauza plagi na cheni, nikifunga duka natembea kwa miguu.

Sikuombi radhi leo. Nakuuliza tu. Useme niende au nisiende, nami nitamkabili mama kwa lolote utakalosema.

Jamaldin


Kibokoni
Ijumaa, 26 Septemba 2025

Kwa Jamaldin,

Jana nilitoka mara ya kwanza. Nilifika mpaka Bondeni, nikasimama ng'ambo ya duka lako. Ulikuwa unamfungia mtu taa ya nyuma, umeinama, mgongo umenipa. Nilikuwa nimevaa kile kiatu. Nilikaa kama dakika tano, kisha nikarudi nyumbani.

Khubaib nimemwambia yote. Ni mtu mzima, na ni yeye atakayekuwa katikati ya barabara ile, hawezi kwenda hajui nani yuko nyuma yake. Jana baada ya Isha akasema, "Nitakwenda naye. Mwengine atasahau siku ya pili. Huyu hatasahau."

Mimi sina hakika hiyo. Usidhani ninayo. Nitakapofunga mlango nyuma yenu nitaogopa mpaka mrudi, na kila saa nitajuta kwamba sikumkatalia. Mama atalala, kwa sababu anakuamini. Mimi nitakaa macho kwa sababu nakujua.

Nendeni. Khubaib huendesha polepole, pengine kuliko hata Mzamil. Atasimama kila msikiti, atasimama kupiga picha, atafunga na kufungua mzigo wake mara ishirini kwa siku. Utakula moshi wake kwenda na kurudi. Mutakapofika, yule mama wa mikorosho mtafuteni, mumpe salaam zangu, mumwambie mimi ndimi mke wa Mzamil. Muulizeni kama ana haja ya kitu.

Na siku ya kurudi, nitawasikia munaingia mtaani. Sitachungulia dirishani. Nitafungua mlango nitazame nani anatokea kwanza na nani anatokea nyuma yake, na hapo nitaangalia tena kama nina radhi ya kukupa.

Zakiya